Je, Kila Anayejitia Hatarini ni Shujaa?



Wazee wetu husema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Maana yake yajulikana. Yule aliyeogopa amerudi nyumbani salama, anacheka na watoto wake. Yule aliyetangulia mbele amekufa, na nyumbani kwake watu wanalia. Basi twauliza: Je, methali hii yatufundisha kuwa waoga? Kama ni hivyo, kwa nini sisi sote twamsifu shujaa, na mwoga twamdharau? Na kama si hivyo, yatufundisha nini?

Swali hili si la mchezo. Sisi tukaao karibu na Lualaba twajua kwamba mto huu hulisha watu, na pia huwameza. Tulitazame swali letu kwanza mbali sana, katika bahari ambayo wengi wetu hatutaiona kamwe. Kisha tutarudi katika mto wetu wenyewe.

Bahari iliyoganda

Kusini kabisa mwa dunia baridi ni kali hata maji ya bahari huganda, yakawa magumu kama mwamba, na mtu aweza kutembea juu yake. Maji hayo yaliyoganda ndiyo barafu. Wakati wa baridi kuu jua halichomozi kabisa kwa majuma mengi. Ni giza usiku na mchana. Hakuna kijiji, hakuna mti, hakuna njia. Aliyepotea huko hana wa kumwuliza.

Tarehe 16 Agosti 1897 merikebu iitwayo Belgica iliondoka Antwerp, katika nchi ya Ubelgiji, kwenda huko. Nahodha wake alikuwa Adrien de Gerlache, mtu wa miaka 31. Pamoja naye walikuwamo mabaharia, wengi wao kutoka Ubelgiji na Norwe, tena wenye elimu wa nchi mbalimbali, na mganga mmoja Mmarekani, jina lake Frederick Cook. Walitaka kuzijua pepo za huko, mawe yake na wanyama wake, mambo ambayo hakuna mtu aliyeyajua bado.

Tarehe 22 Januari 1898 ilivuma tufani. Baharia kijana wa Norwe, Carl Wiencke, akaanguka baharini. Mkubwa wa pili wa merikebu, Georges Lecointe, akafungwa kamba, akateremshwa katika maji yale ya baridi ili amshike. Lakini mawimbi yaliwashinda, na Wiencke akapotea.

Mwezi wa Machi barafu ikaifunga merikebu pande zote. Wenye elimu hawakupenda kuingia ndani zaidi wakati ule wa mwaka, lakini nahodha alikuwa amesukuma mbele. Wakafungwa humo mwaka mzima na zaidi. Nguo za baridi hazikuwatosha wote. Mwezi wa Juni 1898 Emile Danco, rafiki wa nahodha, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo, akafariki. Wenzake wakatoboa tundu katika barafu, wakamzika baharini. Baharia mmoja akaharibikiwa akili.

Kisha ukaja ugonjwa wa kiseyeye, ambao huwapata watu waliokosa chakula kibichi muda mrefu: ufizi huvimba na kutoka damu, mwili hulegea, na mwisho mtu hufa. Cook akawaambia, “Kuleni nyama mbichi ya sili na ya pengwini.” Sili ni mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, na pengwini ni ndege asiyeruka. Nahodha hakuweza kuivumilia ladha yake, akakataa muda mrefu. Lakini alipolala kitandani akiwa karibu na kufa, alimsikiliza mganga, akala, akapona. Mwanzoni mwa mwaka 1899 wote pamoja, wakubwa kwa wadogo, wakashika misumeno na baruti, wakapasua mfereji katika barafu kwa majuma mengi. Tarehe 14 Machi merikebu ilitoka katika barafu, na mwezi wa Novemba ikarudi Antwerp. Watu hawa walikuwa wa kwanza kukaa majira yote ya baridi katika bahari ile, nao walileta habari za pepo na baridi za mwaka mzima, walizoziandika siku kwa siku.

Watu wawili, hatari mbili

Sasa tupime. Katika merikebu hiyohiyo twaona watu wawili waliothubutu. Lecointe aliingia katika maji ili amwokoe mwenzake. Aliweka hatarini mwili wake mwenyewe, na sababu yake hakuna awezaye kuilaumu. Ingawa hakufaulu, sisi sote twasema: Huyu ni shujaa.

Nahodha je? Naye alikuwa hodari, na lengo lake lilikuwa jema, kwa maana kuijua dunia aliyoiumba Mungu ni jambo jema. Kama asingekuwako mtu wa kuthubutu, hata mto wetu usingevukwa kamwe. Yuko mtu wa kwanza aliyeingia katika gogo lililochongwa akapiga kasia. Lakini nahodha hakuingia katika barafu peke yake. Aliwaingiza na wengine, na miongoni mwao wapo wasiotaka. Sisi hatuhukumu moyo wake. Hiyo ni kazi ya Mungu. Lakini tendo laweza kupimwa, na hapa mizani yatikisika. Mtu aweza kutoa kilicho mikononi mwake. Uhai wa jirani haumo mikononi mwake.

Katika mto wetu

Turudi nyumbani. Mwaka 1871 David Livingstone, Mwingereza kutoka Scotland, alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miezi mingi Kabambare, akiumwa vidonda vya miguu. Alidhani kwamba mto huu ndio mwanzo wa Nile, akatamani kuufuata. Alitafuta mitumbwi kwa Wagenya, wenye mto, wasimpe. Je, walikuwa waoga? Hapana. Walijua kwamba nyuma ya wageni hufuata wenye bunduki na minyororo. Tarehe 15 Julai mwaka uleule watu wa wafanya biashara ya watumwa waliwapiga bunduki watu waliokuwa sokoni Nyangwe. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake, akachukizwa sana, akaiacha safari ya mto, akarudi Ujiji.

Miaka mitano baadaye akaja Stanley. Tarehe 5 Novemba 1876 aliondoka Nyangwe, na tarehe 9 Agosti 1877 akafika Boma, karibu na bahari ya magharibi. Hivyo ikajulikana katika nchi za mbali kwamba Lualaba ndio Kongo. Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini tuhesabu pia. Mwaka 1874 alikuwa ameondoka pwani ya mashariki na watu zaidi ya 200. Waliofika Boma walikuwa kama 115. Wengine walitoroka njiani, na wengi walikufa kwa njaa, kwa ndui, kwa mishale na kwa maji. Wapo pia wenyeji wa ukingoni waliouawa kwa bunduki zake, ambao hawakuuliza habari ya Nile wala ya Kongo.

Kati ya vifo hivyo kimoja chatufundisha kuliko vingine. Frank Pocock, kijana Mwingereza aliyemfuata Stanley, alikuwa na vidonda miguuni, asiweze kutembea. Tarehe 3 Juni 1877 alisafiri kwa mtumbwi pamoja na Uledi, mshika usukani hodari kuliko wote. Kadiri ya habari alizoandika Stanley, walipokaribia maporomoko ya Massassa, Uledi alikwenda kuyatazama, akarudi na kusema kwamba mtumbwi hauwezi kupita. Pocock hakusadiki. Aliwadhihaki kwamba wanaogopa. Uledi alipoona kwamba wanaitwa waoga, akawauliza wenzake, kisha wakapiga makasia. Mtumbwi ukamezwa na maji. Uledi akaokoka, Pocock akafa.

Angalieni, ndugu zangu, ni kitu gani kilichomwua kijana yule. Maji yalikuwa yaleyale kabla na baada. Uledi aliyajua, na alisema kweli. Kilichoua ni neno moja: “mwoga”. Watu waliokwisha kuona hatari kwa macho yao waliona haya kuitwa hivyo, wakaenda kinyume cha kweli waliyoijua.

Jambo kama hilo lilimpata zamani hata Mtakatifu Paulo. Alikuwa mfungwa merikebuni, akawaonya wakubwa wasisafiri, maana wakati mbaya wa bahari ulikuwa umekaribia. Akida akamsadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Merikebu ikavunjika Malta. Watu wote 276 waliokolewa kwa huruma ya Mungu, lakini onyo lilikuwa limetolewa, nalo lilidharauliwa.

Mizani ya shujaa

Basi, kabla ya kuingia katika hatari, mtu ajiulize maswali matatu.

La kwanza: Ni kwa ajili ya nini? Kumwokoa mtu, kumpeleka mgonjwa kwa mganga, kutafuta elimu ya kuwafaa wengi: hizo ni sababu nzito. Kusifiwa kijijini si sababu.

La pili: Ni uhai wa nani? Kama wako watu wengine ndani ya mtumbwi, wamekubali? Wanajua hatari ilivyo, au wamefichwa? Na mtu akiwa peke yake, akumbuke kwamba hata uhai wake mwenyewe ni amana aliyopewa na Mungu. Amana hutumiwa kwa kazi ya mwenyewe aliyeiweka, haitupwi.

La tatu: Ni nani anayejua, na je, nimemsikiliza? Katika bahari ya barafu hakukuwa na mwenyeji wa kuulizwa. Lakini katika Massassa alikuwako Uledi, na katika Belgica alikuwako Cook. De Gerlache alichelewa kusikia, lakini alisikia, akaishi. Pocock hakusikia.

Labda mmoja atasema: “Mwalimu, anayegeuka nyuma si mwoga?” Hapana, si kila mara. Mwaka 1909 Ernest Shackleton na wenzake watatu walikuwa wanaiendea Ncha ya Kusini ya dunia kwa miguu. Tarehe 9 Januari zilikuwa zimebaki kilomita 180 tu, na hakuna mtu aliyekuwa amekwisha kufika huko. Lakini chakula kilikuwa kidogo, na nguvu zao zimekwisha. Wangeweza kufika, lakini wasingeweza kurudi. Shackleton akageuka. Sifa ya kuwa wa kwanza akaipata Roald Amundsen, ambaye zamani alikuwa mmoja wa watu wa Belgica, tarehe 14 Desemba 1911. Lakini wale wanne wote walirudi makwao wakiwa hai. Kuiacha sifa ambayo mkono umekaribia kuigusa kwahitaji nguvu ya moyo kuliko kusonga mbele.

Sasa twaweza kuielewa methali yetu. Haisemi kwamba woga ni mwema. Yatukumbusha jambo ambalo shujaa hulisahau kwa urahisi: kilio hakilii yeye. Yeye amekwisha kufa. Anayelia ni mama yake, na mke wake, na watoto wake. Kwa hiyo shujaa wa kweli huhesabu machozi hayo kabla hajaenda. Kama sababu yake ni ya haki, hata aweza kumtazama mama yake usoni na kumweleza, basi na aende, na Mungu amlinde. Kama hawezi kumweleza, na abaki.

Ninyi vijana mnaopiga kasia, siku mto umejaa na mzigo wa soko umezidi, mzee akisema, “Tungoje,” ngojeni. Ninyi mnaovuka, mkiona maji yakaribia ukingo wa mtumbwi, shukeni bila haya, hata wengine wakicheka. Na sisi sote tujihadhari na neno lile “mwoga”. Ni jepesi kulitamka ukiwa umesimama pwani, lakini limekwisha kuzamisha watu waliojua kuogelea.