Kuandika kila juma: ni deni ao ni majivuno?

Tumezoea kuandika juu ya ndoa, kilio na ufalme wa mababu. Kuandika kwenyewe hatukuulizia. Basi ulizo langu ni hili: mtu wa Kolwezi mwenye kujua jambo, awe mwalimu, fundi wa zamani wa Gécamines ao mama wa soko, anadaiwa kuliandika na kulitoa mbele ya watu, si mara moja, lakini kila juma ao kila mwezi? Ao ni kujikweza tu?

Bazee bengi wana jibu tayari: "Neno ya muzee inakomaa kwanza. Mutu wa kusema kila siku, ule ni mutu wa makelele." Hoja hiyo si ya kuchekwa. Kwetu neno la ukoo linapita mbele ya wakubwa, linaulizwa, linarudishwa, ndipo linasimama. Mwenye kutoa karatasi yake kila Jumamosi, nani amemuuliza?

Hata hivyo tuangalie Jamaa, maana ilizaliwa hapa hapa, kati ya watumikaji wa Union Minière pa Kolwezi, karibu mwaka 1953, pamoja na Padri Placide Tempels. Mafundisho yake juu ya uzima, uzazi na mapendo yalipita kwa kinywa, leo na kesho na kesho kutwa. Kurudilia hakukuyaharibu, kurudilia njo kulifanya yaingie. Kumbe desturi ya kila juma tulikuwa nayo. Kipya ni karatasi.

Na karatasi ni ya nani? Mwana Shaba, gazeti lililoanza mwaka 1957, lilikuwa gazeti la kampuni, na anayeandikia bwana wake anajua mpaka wake bila kuonyeshwa. Mimi napenda zaidi kazi ya André Yav. Mwaka 1965, kwa jina la chama cha maboyi wa zamani, alitoa "Vocabulaire" ya muji wa Élisabethville: habari za muji, za makampuni ya Wabelgiji na za watu waliowapikia na kuwafulia. Hakungoja Kifaransa cha chuo. Aliandika Kiswahili chetu namna kinavyosemwa, na herufi zake mwenyewe. Profesa Johannes Fabian, aliyekuja Katanga kuchunguza Jamaa, aliitoa tena kama kitabu mwaka 1990, na Kalundi Mango, mtu wa lugha hii, alimsaidia kwa kuisoma kwa sauti. Kwa macho tu maneno yalikuwa yameshikana, sikio likayafungua. Nadhani hapo tuna fundisho juu ya kutoa maandishi: kwetu haimaanishi lazima mashine kubwa ya kuchapa. Fotokopi kumi na mtu mmoja wa kusoma kwa sauti nyuma ya misa, hiyo tayari ni kutoa.

Sasa Kolwezi yenyewe. Vita vilituingilia mwezi wa tano 1978. Mwaka 1979 Pierre Sergent alikuwa ameshatoa kitabu chake huko Ufaransa, na 1980 filamu ikafuata, na yote mawili jina lake linaanza na "La Légion". Mwaka mmoja tu! Mama aliyelala chini ya kitanda na watoto wake pa Manika anaijua ile vita vizuri, na kwenye kilio ataisimulia mpaka asubuhi. Si kumbukumbu inayokosekana. Siye tunangoja: pansio, Kifaransa kizuri, mfadhili. Wakati tunangoja, Gécamines iliaga watumikaji zaidi ya 10,000 katika miaka 2003 na 2004, na wengi wao wameshakufa na yale waliyoyajua ya Kamoto na Musonoi. Pa Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao, na 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa. Kaye iliyofungwa ndani ya sanduku haisaidii mahali kama hapo, maana nyumba yenyewe inaweza kuondoka.

Kwa hiyo ni deni, ndivyo ninavyoona. Lakini ulizo la bazee linabaki, na mimi nalipeleka kwa jirani. Nikiandika habari yake, nimsomee yeye kwanza. Akikataa? Kama ni mambo ya nyumba yake, nafuta. Kama ni kiwanja cha wote kilichouzwa usiku, ao kisima kilichoharibika, kukataa kwake hakutoshi: nitaandika, na juma linalofuata nafasi ni yake, ajibu, anikosoe mbele ya wale wale waliosikia. Na kama naandika mara moja tu katika maisha yangu, kitabu kimoja kikubwa cha kujipatia jina, huyo jirani atanijibia wapi?