Wekeni Tenga Chini!

Enyi wafugaji wa kuku, acheni kubahatisha! Kuku akipiga chafya asubuhi, mchana mmeshanunua antibaiotiki, mmeikoroga kwenye maji ya kunywa na kwenda kulala kwa amani. Amani ya uongo! Antibaiotiki haiui kirusi. Itawapunguza bakteria wanaokuja nyuma yake, basi. Kirusi chenyewe kinazidi kuenea bandani, nanyi hamjui hata ni kipi.

Kitafuteni! Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huanza kwa kukoroma na kuhema, kisha kinyesi kinakuwa cha kijani, mabawa yanaanguka, shingo inapinda. Bronkaitisi ya kuambukiza nayo huleta mkoromo huohuo, lakini kuku wa mayai hutaga yai lenye ganda la makunyanzi na ute uliolegea kama maji. Laringotrakeitisi humfanya kuku anyooshe shingo kutafuta pumzi na kukohoa damu. Mafua makali ya ndege yanaweza kumaliza banda kabla hamjasikia kikohozi. Ingieni usiku kuku wakiwa wametulia, msikilize. Hata hivyo masikio hayatoshi, ndugu zangu! Mdondo usio mkali na bronkaitisi hufanana hadi daktari mzoefu akashindwa kuzitenganisha. Maabara ndiyo itakayosema.

Basi mwiteni afisa mifugo mapema, kuku wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kuugua, maana baada ya siku chache kirusi hupungua kooni. Apitishe kijiti cha pamba kooni na sehemu ya haja, akitie kwenye kimiminika cha kuhifadhia virusi, kisha kwenye boksi lenye barafu. Msimpe mzoga ulioshinda juani! Na mwambieni kweli mmechanja lini na kwa chanjo gani, kwa kuwa kirusi cha chanjo hai nacho huonekana kwenye kipimo cha PCR, kikawapotosha. Gharama ikiwashinda, changeni wafugaji wa mtaa mzima. Huenda kirusi kinachowasumbua ni kimoja.

Ipo dhambi nisiyoweza kuinyamazia. Kikohozi kikianza, mwenye haraka hujaza tenga, hulipandisha juu ya basi na kuwauza kuku mnadani kwa bei ya kutupa. Huyo amemuuzia mwenzake maradhi, na watoto wa mwenzake watalia! Mnakumbuka Uganda, Januari 2017? Ndege wa porini walikufa kando ya Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, na bata na kuku wakafa Masaka. Sampuli zikapimwa: mafua ya ndege, H5N8. Hebu fikirieni kama kila mwenye kuku angekimbilia mnadani kabla ya majibu hayo!

Wekeni tenga chini. Fungeni banda, viatu vya bandani visitoke nje, wanaougua msiwachinje wala kuwagawa, na mizoga msiishike kwa mikono mitupu. Mpigieni afisa mifugo leo hii, kabla gari la mnadani halijafika.