Ruzuku ya Treni na Haki ya Asiyeipanda

Kaunti za Meru na Embu hazina reli. Njia iliyotoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikaendelezwa hadi Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kuziacha kaunti hizo pembeni. Mtu wa Embu huifuata treni Sagana, wa Meru huifuata Nanyuki. Mfanyabiashara wa miraa wa Maua hana haja nayo hata kidogo, kwa kuwa mzigo wake haungoji ratiba ya mtu. Hata hivyo wote huilipia. Tangu 2013 bidhaa nyingi zinazoagizwa kutoka nje hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani, na anayenunua simu Meru au mtumba Runyenjes huubeba ndani ya bei.

Je, ni haki asiyepanda treni amlipie anayepanda? Jibu jepesi ni kwamba kila mtu alipie safari yake. Lakini jibu hilo halisimami Embu. Mabwawa ya mto Tana, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, yanapakana na ardhi ya Wambeere wa kaunti ya Embu, na umeme wake uliwaka Nairobi miaka mingi huku vijiji vingi vya jirani vikitumia koroboi. Ikiwa kila mtu anadai alichochangia tu, Wambeere ndio wa kwanza kudai. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, haisemi alipaye ndiye apate. Inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki na matumizi yalete maendeleo yenye usawa, yakiwakumbuka waliosahauliwa. Kwa kipimo hicho, tikiti ya bei nafuu ya kwenda Nanyuki inaweza kutetewa hata mbele ya mkulima wa Siakago, mradi zamu yake nayo ije.

Kusaidiana huko ni deni kati ya raia na raia. Kampuni inapoingia katikati, hoja hubadilika. Mwaka 2006 Kenya na Uganda ziliikabidhi kampuni ya Rift Valley Railways reli zao kwa miaka 25. Kabla ya hapo maelfu ya wafanyakazi wa Shirika la Reli walipunguzwa, na gharama ya kuwaaga ikabaki kwa umma. Mkataba ulivunjwa 2017. Wawekezaji nao walipata hasara, na ni haki kulisema hilo. Lakini wao waliingia kwa hiari, mlipa kodi hakuulizwa. Kwa Wameru, jambo linalowagusa wengi hufikishwa kwa wazee wa Njuri Ncheke, likajadiliwa kabla ya kuamuliwa. Mikataba ya reli hujadiliwa kwa siri na lawama hutolewa hadharani.

Suala la wafanyakazi ndilo gumu zaidi. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, alikataa hoja kwamba ujira ni wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Lazima umtoshe mtu kuishi. Parokia za Meru na Embu zina msingi huo wa kupimia. Ruzuku inayopokewa huku madereva na mafundi wakipunguzwa ili faida ipande imeacha njia ya abiria na kuingia mfukoni mwa mwenye hisa. Ila upande wa pili nao una ukweli: kumlipa mtu asiye na kazi kwa kodi ya mchuma chai wa Imenti ni dhuluma vilevile, na mashirika ya umma yamewahi kujaza ajira za kujuana.

Mkataba unaotaja ruzuku bila kutaja idadi ya treni, kiwango cha nauli na wafanyakazi wa lazima kwa usalama ni sadaka kwa tajiri, na Bunge halina haki ya kuitoa kwa niaba ya Meru na Embu.