Wimbo Uliofungiwa Kabatini

Masomo: Wakolosai 3:12-17, Mathayo 25:14-30



Jioni moja hivi karibuni mjukuu wetu alikaa nasi barazani, akafungua simu yake, akasema, "Babu, hebu wasikilize Wazungu hawa." Tukasikia gitaa, tukasikia fidla, na chombo kingine cha nyuzi kinachodonolewa upesi upesi kama mvua ianzapo kupiga bati. Kisha watu wanne wakaimba kwa sauti nne. Kabla hawajamaliza ubeti wa kwanza, nasi tulikuwa tumekwisha kuingia na besi, kwa Kiswahili. Ulikuwa utenzi ule ule wa Yesu rafiki yetu, ambao huimbwa misibani kutoka Mwanza mjini hadi Ukerewe. Kijana akashangaa: "Babu, umeujuaje wimbo wa Marekani?" Tukacheka sote. Lakini usiku ule usingizi ulichelewa, maana wimbo ulitukumbusha deni. Tutalisema deni hilo hapa, kwa faida ya kwaya zetu.

Kwanza tuangalie jinsi nyimbo hizi zilivyotufikia. Muziki alioupiga mjukuu huitwa blugrasi, nao ulipata jina lake kutokana na bendi ya Bill Monroe, aliyezaliwa mwaka 1911 karibu na kijiji cha Rosine, jimbo la Kentucky. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka 10, na baba yake akiwa na miaka 16. Mjomba wake, Pendleton Vandiver, mpiga fidla, alimpokea nyumbani kwake na kumchukua kwenda kupiga naye katika ngoma za kijijini. Mwingine aliyemwonyesha njia alikuwa Arnold Shultz, mtu mweusi, hodari wa gitaa, siku zile ambapo sheria na desturi za kule ziliwatenga weusi na weupe. Yule yatima alipokea kwa watu hawa, naye akatoa. Tangu mwaka 1939 alisikika redioni kutoka Nashville, na pamoja na nyimbo za furaha za dunia aliimba pia nyimbo za Injili kwa sauti nne.

Na kile chombo kidonolewacho ni banjo. Asili yake ni Afrika ya Magharibi. Watumwa waliovushwa bahari walikitengeneza upya kwa kibuyu na ngozi. Watu walionyang'anywa kila kitu walikuwa bado na kitu cha kuwapa wengine.

Tena utenzi wenyewe, maneno yake ni ya Joseph Scriven, mtu wa Ireland aliyehamia Kanada. Mchumba wake alikufa maji arusi ikiwa karibu. Mwaka 1855 hivi akaandika mashairi yale ili kumfariji mama yake, aliyekuwa mbali ng'ambo ya bahari. Yalichapwa kwanza bila jina lake. Mwaka 1868 Charles Converse akayatilia sauti tunayoijua. Wengine wakayatafsiri, na leo mtoto wa Kayenzi anayaimba asijue yametoka wapi.

Sisi wa pwani ya ziwa hili twajua maana ya kufiwa na mtu majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na makaburi ya Igoma yangali yakitukumbusha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Katika matanga tuliyohudhuria mwaka ule wa 1996, Mwanglikana, Mkatoliki, Mlutheri na mtu wa AIC walikaa mkeka mmoja. Hapakuwa na kinanda wala vitabu. Mtu mmoja alianzisha, wengine wakapokea, huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kisukuma, mwingine kwa Kikerewe. Wimbo wa mtu aliyefiwa majini kule mbali uliwafuta machozi waliofiwa majini hapa.

Sasa tuje kwenye deni letu. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukifundisha shule na kuongoza kwaya. Chuoni tulifundishwa kuandika nyimbo kwa do, re, mi, basi tulikuwa na karatasi moja ya wimbo mzuri sana wa ufufuo, tuliyoinakili kwa mkono, sauti zote nne. Mama mmoja wa kanisa la jirani aliusikia tukiufanyia mazoezi, akatujia kwa adabu. "Mwalimu," alisema, "tusaidie karatasi ile. Kwaya yetu ni ndogo, lakini tutajitahidi." Mashindano ya kwaya yalikuwa karibu, nayo kwaya yake ilikuwa miongoni mwa washindani. Tukamjibu, "Mama, mashindano yakiisha utaipata." Akashukuru, akaenda zake. Nasi tukaitia karatasi kabatini, tukafunga kwa ufunguo.

Yule mama hakuyaona mashindano. Homa ilimshika, akafariki ndani ya juma moja. Siku ya maziko jamaa zake waliomba wimbo ule uimbwe, kwa sababu alikuwa akiutaja kitandani. Tukasimama tukauimba, na tuliuimba vizuri. Lakini kwaya yake mwenyewe, watu aliosali nao maisha yake yote, walisimama kando ya kaburi midomo imefungwa, wasiweze kumwimbia mwenzao wimbo alioutaka. Hakuna aliyetulaumu. Mzee wao alitushika mkono, akasema, "Asante, Mwalimu." Neno lile lilituchoma kuliko tusi.

Mashindano yale tulishinda, tukapewa kikombe. Leo hatujui hata kikombe chenyewe kiko wapi.

Ndugu zangu, yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyeifukia talanta hakuiiba, wala hakuitumia kwa ulevi. Aliirudisha nzima, safi, na bado bwana wake alimkasirikia. Talanta ilikuwa salama, na huko kuwa salama ndiko kulikokuwa kosa lake. Nasi karatasi yetu ilikuwa salama. Haikuchafuka wala kukunjamana. Haikumfariji mtu yeyote.

Mtume Paulo, anapowaandikia Wakolosai juu ya zaburi, nyimbo na tenzi za rohoni, anazitaja pamoja na kufundishana na kuonyana. Wimbo, kwake, ni kitu kipitacho kutoka kwa mtu hadi mtu. Tena tazameni kinachotangulia: kabla ya kutaja nyimbo anataka tuvae rehema, unyenyekevu, uvumilivu, na juu ya yote upendo. Kwaya yaweza kushona sare mpya kila Pasaka na bado ikawa uchi mbele ya maneno hayo.

Hatusemi mashindano ni dhambi. Usukumani ngoma zimeshindana tangu siku za Ngika na Gumha, na Bagika na Bagalu wangali wakijulikana. Lakini wazee wasimulia kwamba ushindani ule ulikwenda na dawa za kumshinda mwenzako. Tuangalie isije ikawa nasi kanisani tuna dawa zetu: kuficha, kusengenya, kumkataza mwimbaji wetu asiwasaidie jirani. Wala hatusemi tumwibie mtunzi anayeuza kanda na nyimbo zake kwa jasho lake. Huyo alipwe haki yake. Twasema juu ya zile tulizopewa bure.

Wengine watasema, "Tukiwapa, watauharibu. Wataingiza magitaa na ngoma." Hofu hiyo si mpya. Kule Marekani wako Wakristo walioiita fidla sanduku la shetani, na leo fidla hiyo hiyo inasindikiza tenzi. Huku kwetu wamisionari wengi walikataza ngoma, lakini Padre David Clement wa Bujora, pale Kisesa, aliziingiza ngoma za Kisukuma katika ibada, na kanisa halikuanguka. Someni Zaburi 150 katika Biblia yetu ya Kiswahili: mtaona matari, na mtaona zeze. Zeze! Chombo ambacho babu zetu walikipiga wakiwa wamekaa kigodani. Tusiwe wakali kuliko mtunga zaburi.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, kila kwaya iwafundishe waumini wote wimbo mmoja kila mwezi, baada ya ibada, polepole, hata wasiojua kusoma. Usharika unaotazama kwaya ikiimba bila kufungua kinywa utakuwa bubu siku ya msiba. Pili, mwenye karatasi au daftari la nyimbo kabatini alitoe, aulize kanisa la jirani kama wanalihitaji. Asingoje waje kuomba, maana huenda aliyekuwa aje hatapata nafasi ya kuja mara ya pili. Tatu, sisi wazee tukae na vijana. Tuwaimbie zetu, nasi tusikilize zao bila kukunja uso. Kama mjukuu asingetusikilizisha muziki wake, tungekuwa bado tumelisahau deni letu.

Karatasi ile tunayo bado. Imegeuka rangi ya chai, lakini yasomeka. Mjukuu ametusaidia kuinakili, nakala kumi na mbili, na Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazipeleka katika kanisa la yule mama na kuwaeleza wenyewe kwa nini tumechelewa. Twaomba mtuombee, kwa maana mguu ni mzito.

Ee Bwana, uliyetupa nyimbo kwa mikono ya watu tusiowajua, tusamehe tulizozificha. Fungua makabati yetu na vinywa vyetu, ili yeyote atakayezikwa katika pwani hii asikose watu wake wa kumwimbia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.