Nani Abishaye Hodi? Adabu za Barua Pepe kwa Wanafunzi

Skuli zimefunguliwa. Watoto wamenunuliwa sare na madaftari, na karo imetafutwa na mwenye uwezo na asiye na uwezo. Kila Januari sisi watu wa pwani hulifanya jambo hili kwa bidii, na ni la kushukuriwa. Walakin kuna kitu kimoja kisichouzwa dukani wala kisichotajwa katika orodha ya mahitaji ya skuli, nacho ni adabu ya kumwandikia mtu. Zama hizi vijana wetu wa skuli za juu na wa vyuo huwaandikia walimu wao kwa barua pepe: huwapelekea kazi, huwauliza matokeo, huwaomba ruhusa. Ni nani aliyewafunza namna ya kuandika?

Mwalimu mmoja alitupa khabari iliyotusikitisha. Usiku mmoja alifikiwa na barua pepe isiyo na salamu, isiyo na mada, isiyo na jina. Ndani yake mlikuwa na maneno manne tu: “Alama zangu ziko wapi?” Anwani iliyoileta ilikuwa ni jina la utani la uwanja wa mpira. Mwalimu yule ana wanafunzi zaidi ya mia mbili. Alighadhibika, akaifuta. Baada ya wiki mbili akajua kwamba mwandishi alikuwa ni kijana yatima, naye alizihitaji alama zile aziambatishe na maombi yake ya msaada wa karo. Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa imekwisha kupita.

Makosa ni ya nani? Kijana alikosea, hapana shaka. Mwalimu naye hatumvui lawama, yeye ndiye mkubwa, na mstari mmoja wa kuuliza, “Wewe ni nani, mwanangu?” ungalitosha kumwokoa. Lakini fungu kubwa la lawama ni letu sisi wazee, kwani kijana hawezi kukitoa asichotiwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haumhurumii mwanafunzi wake.

Hapa pana suala linalotupasa tulifikiri. Je, adabu ni haki ya uso tuuonao, au ni haki ya mtu mwenyewe? Kijana yule lau angalikutana na mwalimu wake njiani angalisimama, akamwamkia “Shikamoo,” kisha ndipo akasema haja yake. Mbele ya kioo cha simu hakuona uso, akadhani hapana mtu. Ikiwa adabu ni haki ya uso, basi asiyeonekana hana haki yoyote, na kumsengenya mtu asiyekuwapo lisingekuwa kosa, maana hasikii. Nasi sote twajua kwamba dini yetu imeharimisha kumsengenya mtu, na huko kutokuwapo kwake ndiko kunakofanya kuwa ni kusengenya. Basi asiyeonekana ana haki kamili, na ni juu yetu kuichunga khasa kwa kuwa hayupo kuidai.

Barua ni mgeni aingiaye katika nyumba ya mwenziwe. Katika Sura ya An-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Na imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Jabir bin Abdullah alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kwa ajili ya deni la babake, akabisha mlango. Alipoulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye, asitaje jina. Na Mtume akaonyesha kulichukia jawabu lile. Haja ya Jabir ilikuwa ni ya haki, na yeye mwenyewe ni Sahaba mwema; hata hivyo alifunzwa kwamba abishaye hodi hujitambulisha. Na Nabii Suleiman, pamoja na ufalme wake, barua yake kwa malkia wa Saba ilitaja itokako na ikaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na malkia akaiita barua tukufu.

Watasema baadhi ya watu kwamba barua pepe ni chombo cha haraka, na salamu ni kupoteza wakati. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alipopeleka barua ya namna hii kutoka kompyuta moja hadi nyingine, aliichagua alama ya @ ili ipambanue jina la mtu na jina la mashine. Tazama anwani yoyote utaona mtu ametangulia na mashine imefuata. Chombo chenyewe hakikumsahau mtu. Sisi ndio tuliomsahau.

Wala hatuwaiti vijana wazirejelee zile barua za kale zilizojaa vyeo na sifa nusu ukurasa kabla ya haja kutajwa. Kusifu kupita kiasi si adabu, na ukavu nao si ukweli. Katikati yake pana njia nyepesi: mada itaje jambo lenyewe; salamu itangulie; jina, darasa na somo vifuate; haja isemwe kwa maneno machache; shukrani ifunge. Barua iliyoandikwa kwa hasira ilale mpaka asubuhi, kwani ikisha kufika haina wa kuirudisha. Barua ya mtu ni amana, isipelekwe kwa wengine bila ya idhini yake. Na usipojibiwa, kumbusha kwa upole baada ya siku kadhaa. Kuomba ruhusa ya kuingia kuna mpaka wake, nao ni mara tatu.

Basi, ewe ndugu mzazi, kabla ya wiki hii kwisha keti na mwanao, aandike barua moja kwa mwalimu wake, nawe uisome. Kisha zisome zako ulizowapelekea watu jana. Tukiona aibu kwa tutakayoyakuta humo, aibu hiyo ndiyo mwanzo wa kutengenea. Samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini mkunjaji naye awe na mkono ulionyoka.

Wassalaam.