Huruma Ina Saa Zake

Mtoto wa paka akiingia nyumbani, wa kwanza kuhama si panya, ni usingizi. Anayekupa paka hakuambii hilo. Atakusifia mama yake alivyo hodari wa kuwinda, atamgeuza uone rangi ya tumbo, lakini ya usiku atayanyamazia. Na hapa Kamembe, wilayani Rusizi, paka haombwi kwa ajili ya urembo. Katika nyumba nyingi watu hulala chini ya paa moja na bidhaa zao: mahindi, maharage, mchele wa Bugarama, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa wakisubiri siku ya soko. Kwa hiyo paka huingia kwa mkataba wa kazi, na ni rahisi kusahau kwamba huyo mlinzi tuliyemwajiri, juzi tu ameacha kunyonya.

Wa kwetu aliletwa na shangazi kutoka Nkanka, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitenge. Mchana kutwa alilala. Taa zilipozimwa akaanza kulia, kwa sauti ile nyembamba isiyozuiwa na mlango wala blanketi. Mama mkwe, ambaye huuza sambaza na kabla ya jua kutoka huwa ameshapanga mabeseni yake, akatoa hukumu kutoka chumbani kwake: "Mwanangu, mfungie jikoni. Ukimbembeleza leo utambembeleza hadi azeeke." Mtoto wetu wa mwisho akamjibu gizani: "Bibi, si anamlilia mama yake!"

Usiku ule kesi haikuamuliwa. Nimeendelea kuifikiria, kwa sababu naona kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na nyumba nyingi hukosa usingizi kwa kushika nusu moja tu.

Tuanze na nusu ya mtoto. Paka mdogo hajazoea kulala peke yake. Tangu azaliwe amelala amebanana na ndugu zake, joto la mama likiwa karibu saa zote. Nasi tunaishi juu: Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu vinapanda zaidi ya hapo. Usiku una baridi, hasa mvua ikinyesha, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa. Madaktari wa mifugo husisitiza asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8, na wengi wangependa afike 12. Anayemchukua mapema kwa sababu "ameshaanza kula" ameangalia tumbo tu. Katika wiki hizo paka anajifunza mengi kutoka kwa mama na ndugu zake, hata kuuma bila kuumiza.

Sisi wa Rusizi tulipaswa kuelewa haraka kwa nini mgeni kama huyo hapati usingizi. Jumapili ya Februari 3, 2008, asubuhi, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa karibu 6 lilitupiga sisi na jirani zetu wa Bukavu, likaua watu na kubomoa nyumba. Siku zilizofuata wengi walilala nje, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa bado zimesimama. Nyumba walikuwa nayo. Walichopoteza ni imani nayo. Usingizi hauji kwa amri. Huja mwili unaposadiki kwamba mahali ulipo ni salama. Kumpa paka mdogo imani hiyo kuna gharama ndogo: boksi lenye kuta ndefu kiasi, blanketi kuukuu, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, na tambara alilokuwa akilalia pamoja na ndugu zake, lenye harufu anayoijua. Tambara hilo liombe kwa mwenye paka kabla hujaondoka kwake.

Sasa nusu ya bibi. Saa za paka za kuchangamka ni machweo na alfajiri. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza na kuchwa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, basi zamu zake hazibadiliki. Ni kama mvuvi wa sambaza, anayeingia ziwani jioni na taa zake, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja, akarudi kunapopambazuka. Hakuna anayemwita mvivu akikutwa amelala saa nne asubuhi. Tatizo ni kwamba paka mgeni hajui watu wa nyumba hii wanaamka saa ngapi, na atajifunza kwa kutujaribu. Akilia saa kumi alfajiri, mtu akaamka na kumpa samaki, kesho atajaribu saa tisa na nusu. Na ukivumilia kwa muda mrefu kisha ukashindwa, umemfundisha jambo baya zaidi: kwamba kulia sana ndiko kunakolipa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mama mkwe aliliona hilo akiwa kitandani bila kuwasha taa.

Bahati nzuri maumbile ya paka yana mpangilio unaoweza kutumiwa: huwinda, hula, hujilamba, hulala. Mpangilio huo uanzishe wewe, jioni. Familia ikishakula, chukua uzi uliofungwa kipande cha kitambaa, umkimbize huku na huku mpaka mwenyewe akae chini. Hapo ndipo umpe mlo wake wa mwisho, sambaza waliochemshwa bila chumvi. Maziwa ya ng'ombe yaache, maana huwaharisha paka wengi, na paka akihara usiku wa manane hakuna atakayelala. Muonyeshe beseni la mchanga, mweke kwenye boksi lake, zima taa. Asubuhi usimpe chakula mara tu unapofungua macho. Fanya kwanza shughuli zako, asije akadhani kuamka kwako ndiyo kengele ya mlo.

Wapo wanaouliza kwa nini asilale tu kitandani na watu. Jibu langu ni chandarua. Paka mdogo hukiparamia kwa kucha, na tundu la ukubwa wa kidole linamtosha mbu. Ukishuka Bugarama, kwenye joto na mashamba ya mpunga, tundu hilo ni malaria. Tena kuna viroboto, na kuna watoto wanaojigeuza usingizini bila kujua waliyemlalia. Kwa hiyo mwishowe mlango utafungwa.

Na ni mlangoni hapo ninapotaka tusimame. Sisi tuliolelewa katika Uislamu tumekua tukisikia habari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Watu hukumbuka kwamba alimfungia. Lakini shtaka lake limeelezwa kwa ukamilifu: alimfungia bila kumlisha, wala hakumwachia ajitafutie riziki ardhini, mpaka akafa. Mlango anaofungiwa aliye na njaa na baridi ni ukatili. Mlango ule ule, saa ile ile, ukifungwa baada ya mchezo, chakula na joto, ni malezi. Aliye nje ya mlango hawezi kuona tofauti. Lazima aulize jioni ilikwendaje.

Nadhani wengi wetu tunatumia huruma kwa saa zisizofaa. Mchana tunaibana kwa sababu ya shughuli. Usiku tunaimwaga kwa sababu ya uchovu. Mtoto ambaye baba yake hakumpa hata dakika kumi jioni huomba maji mara tano baada ya taa kuzimwa, naye baba humpa simu ili anyamaze. Mzee ambaye hakuna aliyemuuliza hali mchana huita watu saa nane za usiku kwa maumivu yaliyoanza tangu asubuhi. Tunasema wanasumbua. Tukiwakimbilia usiku tunajiona wema, kumbe mara nyingi tunatoa rushwa: tunalipa kelele ili tununue kimya. Huruma ya jioni ni ngumu zaidi, kwa maana hutolewa kabla mtu hajalia na hakuna anayeishangilia. Ila ndiyo inayokupa haki ya kuwa imara baadaye.

Siku hizi mama mkwe huchemsha sambaza wa paka kwenye kisufuria cha peke yao, lakini hajaacha kunikumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Namjibu, "Mama, jembe la paka ni meno, na ya ukubwani hukamilika akikaribia miezi sita." Sumu ya panya hatuweki tena, maana panya aliyeila anaweza kumwua paka atakayemla. Basi kwa sasa panya wataendelea kutuibia mahindi kidogo, na nimekubali hasara hiyo. Gunia likitobolewa hushonwa, lakini muuza samaki aliyekesha atawarudishia wateja wa Bukavu chenji ya ziada mpaka jioni.