Haki ya Kukisia Hadithi Ambayo Haijatungwa

Juni 2018 kampuni ya gemu ya Bethesda ya Marekani ilionyesha video isiyotimia dakika moja: milima, miamba, mwambao kwa mbali, kisha jina, The Elder Scrolls VI. Hapakuwa na mhusika wala tarehe ya kutoka. Gemu iliyoitangulia, Skyrim, ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na mtoto aliyezaliwa siku hiyo leo ana umri wa kusoma sekondari. Mwendelezo wenyewe bado haujamfikia mchezaji. Hata hivyo, mashabiki wamezichambua sekunde zile chache kwa bidii ya wapelelezi, wakipima rangi ya udongo na mkunjo wa ufukwe. Wapo wanaoapa kwamba ile ni Hammerfell, wapo wanaosema ni High Rock, mikoa miwili ya Tamriel, bara la kubuni ambamo hadithi hizi zote hutokea.

Mjadala huo umefika hadi Masasi, kusini mwa Tanzania. Kwenye vibanda vya gemu mjini pale wengi huja kucheza mpira, wanapokezana padi na kupigiana kelele kila bao likiingia. Niliwahi kuwakuta vijana wawili wamejitenga kwenye benchi la nyuma, wameinamia simu yenye kioo kilichopasuka. Mmoja alikuwa ameisimamisha video ile na kuikuza kwa vidole viwili. "Angalia udongo huu, kaka. Hii ni nchi kavu, hakuna ubishi." Mwenzake akatikisa kichwa: "Ukavu si ushahidi. Hata hapa Oktoba pamekauka, njoo Machi uone majani."

Mtu mzima anayewasikia anaweza kuwaona wanapoteza muda, kwani wanachobishania hakipo. Mimi naona wamegusa swali zito ambalo limewaumiza wanafalsafa vichwa kwa karne nyingi: je, mtu anaweza kupatia au kukosea kuhusu jambo ambalo bado halijawa?

Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliliuliza kwa mfano wa vita vya baharini. Mtu mmoja anasema kesho vita vitapiganwa, mwingine anasema havitapiganwa. Ikiwa mmoja wao anasema kweli tangu leo, basi kesho imekwisha kuamuliwa, na hakuna haja ya kushauriana wala kujitayarisha. Ikiwa hakuna anayesema kweli leo, basi maneno yao yanasubiri ulimwengu uyape thamani. Aristotle alielekea upande huu wa pili, na mpaka leo wanafalsafa wanabishana alimaanisha nini hasa.

Watu wa Masasi na jirani zao wa Newala hawahitaji manowari za Wagiriki ili kulielewa swali hilo, maana wanakisia kwa namna mbalimbali kila mwaka. Namna ya kwanza ni kitendawili. Jibu lake lipo tayari kichwani mwa anayetega. Anayejibu anatafuta kitu kilichofichwa, na akishindwa anatoa mji, kisha anaambiwa jibu, na mambo yamekwisha. Hapo kupatia na kukosea ni dhahiri.

Namna ya pili ni bei ya korosho. Mkorosho ukishatoa maua, na salfa ikishapulizwa, kila baraza lina mtaalamu wake wa kukisia mnada wa Oktoba utafunguka kwa shilingi ngapi. Jibu hilo halimo kichwani mwa mtu yeyote. Litatokana na mavuno ya nchi nyingine, na mifuko ya wanunuzi, na hali ya bandari. Tena linaweza kumshangaza kila mtu. Msimu wa 2018 wanunuzi walikuja na bei ambazo wakulima walizikataa. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi la Wananchi yakaletwa kuzisomba. Hata mtabiri hodari wa barazani hakuwa ameyaweka malori ya jeshi katika hesabu zake.

Mwendelezo wa hadithi ni namna ya tatu, na ndiyo ngumu kuliko zote. Jibu lake halijakamilika, kwa hiyo si kitendawili. Wala haliletwi na nguvu zisizomjua mtu, kwa hiyo si mnada. Linatengenezwa na watunzi wenye hiari, wanaoweza kuamka kesho na kubadili nia, na ambao wenyewe wanawasikia wanaokisia. Kama hali ni hiyo, kwa nini tunaona kisio moja lina akili na jingine ni porojo? Kwa nini yule kijana wa Oktoba na Machi alikuwa na hoja?

Jibu langu ni kwamba anayekisia hadithi ijayo anafanya kazi ya kuisoma hadithi iliyokwisha kusimuliwa. Kipimo cha kisio lake kimo nyuma, katika sheria ambazo hadithi imejiwekea, ahadi ilizozitoa na mambo iliyoyaacha bila kuyamaliza.

Mfano mzuri uko palepale kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Mwaka 1906 msomi wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya mila na masimulizi, na miongoni mwa aliyoyaandika ni asili ya Wamakonde. Hapo mwanzo palikuwa na mtu mmoja tu, akiishi peke yake porini. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na kulipokucha ile sanamu ilikuwa mwanamke hai. Wakaenda hadi Mto Ruvuma. Huko mwanamke akajifungua mtoto, mtoto akatoka amekufa. Wakahama, wakashuka katika bonde la Mbwemkuru. Akajifungua tena, na wa pili naye akatoka amekufa.

Msimulizi akinyamaza hapo, msikilizaji ana kazi ya kufanya. Mtoto wa tatu hajazaliwa katika masimulizi, lakini tayari tunajua mengi juu yake. Mtoni hapakufaa, bondeni hapakufaa. Wanaosimulia ni watu wa juu, ambao kwa vizazi wameishi mbali na maji na wanawake wao wamepanda mteremko na mitungi kichwani. Hadithi imekwisha kutufundisha kwamba uhai wa watu hawa umefungamana na mwinuko. Atakayekisia kwamba mtoto wa tatu atazaliwa juu, naye ataishi, amesoma vizuri. Na ndivyo ilivyo: walirudi juu, Mahuta, na huko akazaliwa mtoto aliyekua.

Sasa tuseme msimulizi angeamua mtoto wa tatu azaliwe baharini. Je, yule msikilizaji angekuwa amekosea? Angekosea kuhusu uamuzi wa msimulizi, lakini kuhusu hadithi asingekuwa amekosea. Hizi ni kweli mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakozaa ugomvi mwingi kati ya mashabiki na watunzi. Ipo kweli ya kile kitakachotolewa, na hiyo ni mali ya mtunzi. Ipo kweli ya kile ambacho hadithi inastahili, na hiyo iko wazi kwa kila msomaji makini, awe Maryland zilipo ofisi za Bethesda au awe Masasi.

Gemu za aina hii zina ugumu wa ziada ambao riwaya haina. Mchezaji ndiye anayechagua. Katika Skyrim kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kila mchezaji huamua kuunga mkono Dola au waasi. Kwa hiyo wachezaji wawili waliokaa benchi moja wana historia mbili zinazopingana za nchi ileile. Mtunzi wa mwendelezo atafuata ipi? Watunzi hawa waliwahi kukutana na tatizo hilo. Daggerfall, gemu yao ya 1996, ilikuwa na miisho kadhaa. Walipoendeleza simulizi wakaamua kwamba miisho yote ilitokea kwa pamoja, wakati wenyewe ukiwa umepasuka na kujiunga tena. Mwanamantiki atakataa, maana jambo haliwezi kuwa na kutokuwa kwa wakati mmoja. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa heshima kubwa. Watunzi walikubali kuipinda mantiki kuliko kumwambia hata mchezaji mmoja kwamba aliyoyatenda hayakutokea.

Heshima hiyo isitufanye tudhani kwamba tunadai hadithi tunayoitaka sisi. Wahenga wanasema ahadi ni deni, nami nakubali kwamba anayetangaza kazi mwaka 2018, kisha akatoa kwanza nyingine, Starfield, mwaka 2023, anadaiwa kitu na waliomwamini. Anadaiwa ukweli kuhusu kazi yake imefika wapi. Hadaiwi kuufuata mlima niliouchagua mimi. Desemba 2024 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilipoonyesha The Witcher IV, ikamweka Ciri kuwa mhusika mkuu mahali pa Geralt wa gemu zilizotangulia, baadhi ya mashabiki walilalamika kana kwamba wameporwa. Walikuwa wamekaa na kisio lao muda mrefu mpaka likageuka kuwa hati ya kumiliki. Aliyefika hapo hasomi tena. Amefunga kitabu na kubaki na kiburi chake, na hata hadithi nzuri ikija itamkuta amekwisha kuikataa.

Kwa hiyo haki ya kukisia ina masharti. Toa ushahidi kutoka ndani ya hadithi, kama wale vijana wawili walivyofanya juu ya udongo na ukavu. Kubali kwamba mtunzi ana hiari. Na hadithi ikienda kwingine, ipe nafasi ikuonyeshe sababu yake kabla hujaihukumu. Anayeyashika masharti haya amepata mazoezi ambayo shule nyingi zinahangaika kuyatoa: kupima hoja, kutofautisha tamaa na ushahidi, kubadili msimamo bila kuona aibu.

Tena amepata kitu kingine kikubwa zaidi. Aliyeweza kujaza pengo la hadithi ya mwenzake kwa namna inayokubalika kwa sheria za hadithi hiyo, tayari ana ufundi wa kutunga. Hapa kwetu tulikwisha kuliona hilo katika mabanda ya video, pale Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alipozisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Alifasiri, akaeleza, akaongeza ya kwake, na watazamaji wakaja kwa ajili ya sauti yake sawasawa na kwa ajili ya picha. Tangu Shaaban Robert alipoining'iniza nchi yake ya Kusadikika angani, katika kitabu cha 1951, Kiswahili hakijawahi kushindwa kubeba nchi za kubuni.

Na malighafi ipo tele. Ipo sanamu iliyoamka ikiwa mwanamke. Ipo midimu ya mapiko, vinyago vya ngoma, inayotoka na kurudi mafichoni. Ipo miamba mikubwa ya Masasi iliyosimama peke yake katikati ya tambarare, na mto mpana ambao kizazi baada ya kizazi kimeuvuka kwenda na kurudi. Bethesda hawana hata kimoja kati ya hivi.

Kijana wa Masasi, Newala au Tandahimba, endelea kubishana kuhusu Hammerfell, ni haki yako na una akili ya kutosha kuitumia vizuri. Lakini usiishie hapo. Chukua daftari, andika nchi yako, uiwekee sheria zake na vita vyake, kisha isimulie mpaka katikati na unyamaze. Wenzako wakianza kubishana nini kitafuata, ujue umefaulu.